Umekabidhiwa Funguo za Nyumba za Watu? Kasome Kwanza

Wadogo zangu, mwezi huu mume apumzike, wifi apumzike, na yule bosi anayecheleweshea watu mishahara naye apumzike. Nina barua ya mdogo wetu mmoja anayekaa pembezoni mwa Dar es Salaam. Amesomea uhasibu, ana mtoto mmoja, na chama chao cha ushirika wa nyumba kimempa umeneja. Nyumba sitini, kisima kimoja, vyoo vinavyojaa kwa zamu, na kundi la WhatsApp ambalo halilali. Ameona tangazo la kozi ya wiki mbili ya uendeshaji wa nyumba za ushirika, akaomba chama kimlipie. Mwenyekiti akamjibu kwamba nyumba haziendeshwi kwa kozi, zinaendeshwa kwa utu na busara, na yeye mwenyekiti anavyo vyote viwili. Wanachama wawili watatu nao wameanza kunong'ona: binti ameingia juzi tu, tayari anataka kula hela zetu kwa safari. Anauliza, anyamaze ajifunzie kazini, au ang'ang'anie?

Marahaba, mdogo wangu, maana barua yako umeianza kwa shikamoo. Ng'ang'ania. Na wakikataa kabisa zipo njia nyingine, tutazifikia. Ila kabla sijakujibu wewe, niwavute karibu na wale wanaotaka kufungua ukurasa mwingine wakidhani haya hayawahusu. Yanawahusu wengi. Nyumba zisizo za faida si za wazungu peke yao. Ni nyumba yoyote ambayo hakuna mtu anayegawana faida mwisho wa mwaka, bali kila kinachokusanywa kinarudi kwenye nyumba zenyewe na wanaozikaa. Kuna za vyama vya ushirika, kuna za misikiti na makanisa, kuna hosteli za mashirika ya wanawake. Hata ghorofa ambalo kila mtu ana hati ya sehemu yake, kwa ile sheria yetu ya mwaka 2008, lina ngazi, paa na tangi la maji ambavyo ni vya wote, na lazima apatikane wa kuviangalia.

Wengi mnaikumbuka Kurasini. Bandari ya Dar es Salaam ilipopanuliwa watu waliondolewa, wapangaji kwa wenye nyumba. Baadhi yao walikuwa kwenye vikundi vya kuweka akiba vya shirikisho la wakazi maskini wa mijini, wakisaidiwa na shirika la CCI. Hao hawakutawanyika kila mtu na godoro lake. Walinunua ekari 30 kule Chamazi na kuunda ushirika wa nyumba unaoitwa Muungano. Kabla yao, mwaka 1989, Mama Tabitha Siwale, yule aliyekuwa waziri wa ardhi na nyumba miaka ya 1970, alianzisha shirika la WAT ili wanawake nao wapate ardhi na makazi yenye majina yao. Kwa jirani zetu wa Kenya, muungano wa vyama vya ushirika wa nyumba, NACHU, upo tangu 1979. Kwa hiyo kazi hii ina wenyewe na ina historia.

Kilichonichosha mimi katika historia hiyo ni kimoja. Tunajua sana kuzungumzia kiwanja, tofali na mkopo. Siku ya kukabidhiana funguo kuna ngoma, pilau na mgeni rasmi. Kesho yake asubuhi pampu inagoma, na hakuna aliyewahi kufundishwa afanye nini, kwa hela ipi, kwa ruhusa ya nani.

Sasa turudi kwa mwenyekiti wako na utu wake. Mpelekee habari ya Rochdale.

Rochdale ni mji wa kaskazini mwa Uingereza. Kila aliyekaa darasa la ushirika hata siku moja amelisikia jina hilo, maana ndipo wafumaji na mafundi 28 walipofungua duka lao la ushirika tarehe 21 Desemba 1844, na kanuni zao ndizo zilizozaa hizi kanuni saba tunazozikariri leo. Mji huohuo una chama cha nyumba ambacho wanachama wake ni wapangaji na wafanyakazi wenyewe. Hakigawi faida. Kwenye karatasi, huwezi kupata chama chenye utu kuliko hicho. Katika moja ya fleti zake ilikaa familia iliyotoka Sudan, na ukuta wa fleti ile ulikuwa na ukungu, huu mweusi unaoota kwenye unyevu. Baba alilalamika tangu 2017. Akaambiwa apake rangi. Akapaka, ukarudi. Mwaka 2020, tarehe ileile 21 Desemba, mtoto wao Awaab Ishak alifariki, siku chache tu baada ya kutimiza miaka miwili. Uchunguzi wa kimahakama wa mwaka 2022 ulisema wazi kwamba kilichomuua ni maradhi ya njia ya hewa yaliyoletwa na kukaa muda mrefu katika ukungu ule.

Wale wafanyakazi hawakuwa majambazi. Walikuwa watu wa kawaida wanaokwenda kazini asubuhi na kurudi jioni. Ila walidhani. Walidhani unyevu unatokana na namna familia ile inavyoishi, mpaka jinsi wanavyooga. Chama chenyewe baadaye kilikiri kwamba kilikisia maisha ya watu na kikakosea. Hapo ndipo ninapotaka mwenyekiti wako aweke kikombe cha chai chini. Aliyefundishwa kuangalia nyumba anapoona ukuta umeota ukungu huanza na maswali ya jengo: paa linavuja? Bomba limepasuka ndani ya ukuta? Hewa inapita? Asiyefundishwa huanza na maswali ya tabia ya mpangaji.

Bunge la Uingereza likapitisha sheria mpya ya nyumba za jamii mwaka 2023, na sehemu yake moja inaitwa kwa jina la mtoto yule. Kuanzia Oktoba 2025, mwenye nyumba za jamii kule England akipata taarifa ya hatari ya dharura anatakiwa aishughulikie ndani ya saa 24, na kwa unyevu au ukungu mkubwa ana siku 10 za kazi za kuchunguza. Ninyi ndugu zetu mlioko huko kwenye nyumba za mashirika, na najua mpo wengi, tarehe ya kulalamika muiandike na barua muitunze. Sheria hiyohiyo imegusa pia suala letu la leo. Mameneja waandamizi wa nyumba hizo watatakiwa kuwa na cheti kinachotambulika au wawe wanakisomea, na utaratibu huo umepangiwa kuanza Oktoba 2026. Ajali ya moto wa jengo la Grenfell jijini London, iliyoua watu 72 mwezi Juni 2017, ndiyo iliyokuwa imeanza kuwasukuma. Jengo lile nalo halikuwa mikononi mwa tajiri mpenda faida. Liliangaliwa na shirika la wapangaji kwa niaba ya manispaa, na wapangaji walikuwa wamepiga kelele kuhusu usalama wa moto kabla.

Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba kwa sababu chama chenu hakitafuti faida, basi kimeshaokoka.

Na msidhani kumfundisha mtu kuangalia nyumba ni fasheni ya juzi. Mwaka 1865, mwanamke mmoja wa London, Octavia Hill, alikabidhiwa nyumba chache chakavu za mtaa wa maskini zilizonunuliwa kwa fedha za mwandishi John Ruskin. Ruskin alitaka arudishiwe asilimia 5 tu kwa mwaka, isizidi. Octavia akakusanya wanawake, akawafundisha kazi: kupita kila wiki kuchukua kodi mlangoni, na mkono uleule unaopokea kodi uandike bomba lililovunjika na ngazi iliyooza. Alitenga fungu la matengenezo kila mwaka, na kilichobaki wapangaji wenyewe walichagua kifanyiwe nini kwenye nyumba yao. Wakiharibu, kinapungua, wakitunza, kinabaki. Wanafunzi wake walifundisha wengine, na mwaka 1916 wakaunda chama chao cha wanawake waangalizi wa nyumba. Mama yule alikuwa mkali, jamani. Asiyelipa aliondoka, na aliamini anajua kuliko maskini wenyewe namna ya kuishi. Hilo simsifii. Lakini hilo la kupokea kodi na malalamiko kwa wakati mmoja bado sijaona kozi inayolishinda. Leo tunalipa kwa simu, meneja hana sababu ya kugonga mlango, na nyumba zinaoza kimyakimya.

Haya, twende kwenye masomo yenyewe. Utakapopewa ratiba ya kozi, tafuta nini humo?

Tafuta fedha kwanza. Najua utasema wewe ni mhasibu. Uhasibu wa kampuni ya biashara hukufundisha kuuza na kupata. Hapa unafundishwa kutoza kiasi ambacho nyumba zinahitaji, kisicho chini ya hapo. Tuseme pampu yenu mpya ni shilingi milioni 3.6 na inadumu miaka sita. Miaka sita ni miezi 72, kwa hiyo chama kinatakiwa kiweke kando shilingi 50,000 kila mwezi kwa ajili ya pampu peke yake. Gawa kwa nyumba sitini: shilingi 833 kwa nyumba. Nani atashindwa? Lakini usipozitenga, siku pampu ikifa utatangaza mchango wa dharura wa shilingi elfu sitini kwa kila nyumba, na hapo ndipo utaona rangi za watu. Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa tangi, kwa uzio, kwa bati, kwa rangi ya nje, kwa gari la kunyonya vyoo. Ukijumlisha, usishangae ukikuta mchango mnaotoza ni mdogo kuliko gharama ya kuishi hapo. Vyama vyetu vingi hupanga mchango kwa kuangalia kiasi ambacho mkutano utaitikia ndiyo. Hesabu inatakiwa ianze kwenye bati na pampu, halafu ndiyo ipelekwe mkutanoni.

Pili katika fedha, kozi ikufundishe kujilinda wewe mwenyewe. Anayepokea hela asiwe ndiye anayeandika daftari, na asiwe ndiye anayepeleka benki. Malipo yaingie kwenye akaunti au namba ya malipo ya chama, si kwenye simu yako, hata kama mzee wa nyumba ya mwisho anasema yeye hajui mambo ya namba, anamwamini binti yake tu. Mpokelee kwa risiti, mbele ya mtu. Watia saini benki wawe zaidi ya mmoja na wasiwe mke na mume. Mmecheka, lakini mimi nimekaa kwenye chama ambako walikuwa mke na mume, na walipogombana akaunti ililala mwezi mzima bila kutoa hata senti ya umeme wa pampu.

Matengenezo ni somo ambalo sisi wanawake huwa tunaambiwa tuwaachie mafundi. Usiache. Huhitaji kujua kuchomelea. Unahitaji kujua kukagua. Meneja mzuri ana orodha ya kila kitu cha chama: kilinunuliwa lini, kwa kiasi gani, kinatakiwa kuangaliwa kila baada ya muda gani. Anazunguka na daftari kabla ya masika na kabla ya vuli, anapanda mwenyewe au anampandisha mtu aone mifereji ya bati, anafungua mifuniko ya mashimo. Ana kitabu cha malalamiko chenye safu mbili za tarehe, ya kuripotiwa na ya kutengenezwa, na anajua kutofautisha kitasa kilicholegea na swichi inayopiga shoti. Kitasa kingoje wiki. Swichi haingoji jioni. Yule baba wa Rochdale alichokosa ni safu ya pili ya tarehe na mtu wa kuulizwa kwa nini iko wazi miaka mitatu.

Hapo vyuo vya ufundi vya VETA vinaweza kukusaidia kuliko chuo kikuu. Kozi fupi ya umeme wa majumbani au ya mabomba haitakufanya fundi, ila itamfanya fundi asikudanganye tena.

Kisha watu, na hapa niruhusuni nikae kidogo, maana ndipo mameneja wengi wanapovunjikia.

Mwanachama akichelewa kulipa, asiyesoma hufanya moja kati ya mawili. Ama ananyamaza miezi sita kwa aibu, kisha analipuka na kutaka mtu atolewe nje na watoto wake. Ama anarusha orodha ya wadaiwa kwenye kundi la WhatsApp, majina matatu matatu na kiasi, ili waone haya. La kwanza ni uoga. La pili, licha ya kuwa ni ukosefu wa adabu, linaweza kukuingiza kwenye matatizo, kwa sababu tangu 2022 nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na deni la mtu si habari ya kuchangia emoji. Kozi nzuri hukupa utaratibu: ujumbe wa kumkumbusha siku chache baada ya tarehe, kisha kumpigia, kisha kwenda kwake kwa miguu na kukaa. Huko ukikaa ndiyo unagundua kwamba mume amepunguzwa kazini au mtoto amelazwa. Mnaandika makubaliano ya kulipa kidogo kidogo, mnatia saini wote wawili, na kila mmoja anabaki na nakala. Huruma iliyoandikwa inadaiwa. Ile ya mdomo mwezi wa tatu inageuka kuwa "lakini wewe si uliniambia".

Halafu kuna ndugu. Nyumba ikiwa wazi, utashangaa ukoo wako ulivyo mkubwa. Shangazi atakupigia kutoka Tanga ambaye hakukupigia hata ulipojifungua. Bila orodha ya wanaosubiri, yenye namba na tarehe, na kigezo kilichopitishwa na mkutano, hutaweza kumkatalia, na ukimkatalia utaonekana una roho mbaya. Ukiwa nayo, unamwambia, "Shangazi, wewe ni wa 14, na walio mbele yako ninao hapa." Hali kadhalika fundi bomba akiwa shemeji yako: anaweza kuwa ndiye fundi bora wa kata nzima, lakini wewe ukatangaze kwenye kamati kwamba ni shemeji, utoke nje wakati wanaamua, na muhtasari wa kikao uandike kwamba ulitoka. Haya yanafundishwa. Watu hawazaliwi nayo.

Na hili ni la kwetu wanawake. Uliza kozi itafundisha nini kuhusu mwanachama akifariki. Nimeshaona mjane anaambiwa na upande wa mume ahame kwa sababu kadi ya uanachama ilikuwa na jina la marehemu, na meneja anatikisa kichwa tu, "hayo ni mambo ya familia." Si mambo ya familia pekee, mwaya. Masharti ya chama yanatakiwa yaseme uanachama unarithiwaje, na kila mwanachama anatakiwa awe amejaza jina la mrithi wake akiwa hai na akili zake timamu. Kazi yako ya mwezi wa kwanza, hata kabla ya kozi, ni kufungua faili na kuhesabu fomu ngapi za mrithi ziko tupu. Nenda nyumba kwa nyumba zijazwe.

Sheria nitaipitia haraka, maana ipo kwenye vitabu. Ijue Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, iliyounda Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Soma masharti ya chama chenu mpaka ujue akidi ya mkutano bila kufungua kurasa, ujue ukomo wa madeni unapitishwa na nani, na mkaguzi anatakiwa aje lini. COASCO, shirika la ukaguzi la vyama vya ushirika, lisiwe jina unalolisikia siku ya mgogoro tu.

Sasa wapi pa kusoma. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi ndicho kikongwe chetu. Kilianza kama chuo cha ushirika mwaka 1963 na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2014, na wale wa kanda ya ziwa wana kampasi ya Kizumbi, Shinyanga. Ukitaka upande wa majengo, ardhi na makazi kuliko upande wa ushirika, kuna Chuo Kikuu Ardhi hapohapo Dar es Salaam. Wa Kenya wana Chuo Kikuu cha Ushirika pale Karen, Nairobi, ambacho mizizi yake ni ya 1952. Lakini usianze kwa kuwaza shahada. Umeneja wa nyumba sitini hauhitaji miaka mitatu darasani. Unahitaji kozi fupi iliyokaa sawasawa, kisha nyingine mwakani. Na kuna mwalimu mmoja ambaye watu hawamtumii: afisa ushirika wa halmashauri yako. Ni kazi yake kuwaelimisha. Mwandikie barua rasmi, mwombe siku moja ya kuifundisha kamati nzima masharti na wajibu wao. Nauli na chakula cha mchana kamati itavimudu.

Kuhusu kuchagua kozi, dada yenu ana maswali ya kichokozi. Mwulize mwandaaji, "Naweza kuja na daftari langu la hesabu tulifanyie kazi darasani?" Akisema hapana, kuna vitini vizuri sana, jua umepewa semina ya kusikiliza. Mwulize anayefundisha amewahi kusimamia nyumba ngapi. Uliza cheti kinatambuliwa na nani, kama ni chuo cha kati angalia usajili wake NACTVET. Uliza kama baada ya wiki mbili kuna mtu wa kumpigia ukikwama. Na tangazo likiwa na picha ya hoteli kubwa kuliko orodha ya masomo, likaahidi mkoba, fulana na posho, mdogo wangu, hapo mwenyekiti wako na wale wanaonong'ona watakuwa na haki ya kusema unakwenda kula hela zao. Semina za posho ndizo zilizoharibia jina mafunzo ya kweli nchi hii, na ndiyo maana watu wanakutazama kwa jicho hilo.

Kutembeleana nako ni shule. Mashirikisho ya wakazi maskini wa mijini, yetu na Muungano wa Wanavijiji wa Kenya, yamefundishana hivyo kwa miaka: watu wa kikundi kimoja wanapanda basi, wanakwenda kwa wenzao waliokwisha kujenga, wanalala kwao, wanaangalia madaftari yao. Huko huulizi maswali ya mtihani. Unauliza, "Mlipokosa hela ya pampu mlifanyaje?" na unajibiwa na aliyekosa usingizi siku hiyo. Chamazi si mbali na nyie. Andika barua, omba siku.

Namna ya kuliomba hili kwa chama nayo ina adabu zake. Usiende kama mtu anayejiombea. Peleka mkutanoni pendekezo la fungu la mafunzo kwenye bajeti ya kila mwaka, la meneja yeyote na kamati yoyote. Wakumbushe kanuni ya tano ya ushirika, ile ya elimu, mafunzo na habari. Wale wafumaji wa Rochdale hawakuwa na hela, lakini miaka ya 1850 walianza kutenga asilimia 2.5 ya ziada yao kwa ajili ya elimu. Omba waende watu wawili, wewe na mwanachama wa kawaida atakayechaguliwa na mkutano, ikiwezekana yule anayenong'ona kuliko wote. Ahidi kwa maandishi kwamba ukirudi utafundisha kamati, na kwamba ukiacha kazi kabla ya muda fulani utarudisha sehemu ya ada. Mweke mwenyekiti mbele, mwambie, "Mzee, wewe ndiye utakayefungua kikao cha kutoa taarifa ya mafunzo." Wazee wetu hawachukii elimu, wanachukia kuachwa nje ya elimu.

Wakikataa pamoja na yote hayo, usinune wala usijilipie kwa hela ya mtoto. Anza na afisa ushirika, fanya ziara moja, mwombe mkaguzi akueleze kasoro za ripoti iliyopita mstari kwa mstari, na fungua kile kitabu cha safu mbili za tarehe. Baada ya mwaka peleka kitabu mkutanoni, waone malalamiko mangapi yamefungwa na mangapi yamekushinda kwa kukosa ujuzi. Kisha omba tena. Na wakikuomba uweke saini hundi usiyoielewa kwa sababu "utajifunza mbele ya safari", kataa, hata kama itakugharimu kazi. Saini ni ya kwako, na mkaguzi akija hatamwuliza mwenyekiti utu wake ulikuwa wapi.

Ninyi wengine mlioko kwenye vyama vya nyumba, hosteli za kina mama na kamati za maghorofa, niandikieni. Nitajieni kozi mliyosoma, ada mliyolipa, na jambo moja mlilolitumia mliporudi. Nitayachapa mwezi ujao bila majina, ili huyu mdogo wetu aende kwenye mkutano wao akiwa na mkoba uliojaa mifano ya hapahapa nyumbani.